Kusema "hapana" bila kupepesa macho: ni hulka ya kuzaliwa au mtu anajifunza?

#1 Kuti Kavu
Wakuu salaam.

Kazini kwetu ilikuja semina ya wafanyakazi. Tukajazishwa dodoso refu la "unapenda zaidi hiki au kile", mwisho kila mtu akapewa herufi zake nne. Mimi nikatoka INTJ. Mwezeshaji akasema watu wa aina yangu huchagua sana: marafiki wachache, vikao vichache, na wakiombwa jambo wasilolitaka hukataa hapo hapo bila maelezo marefu. Nikacheka, maana ndivyo nilivyo tangu shule ya msingi. Kamati za harusi siingii. Mchango natoa kwa ninaowajua, kadi za rafiki wa rafiki narudisha. Simu ikianza na "za siku nyingi ndugu yangu, umenitupa" najua inakoelekea, na jibu langu ni moja: sina ya kukopesha. Sisemi "ngoja nijipange", kwa sababu sijipangi.

Nyumbani mama watoto ananiita mkono wa birika. Ofisini naitwa kauzu.

Dai langu: kuchagua na kukataa ni aina ya mtu, anazaliwa nayo. Si uchoyo, si maringo, na hakuna semina wala maombi yatakayombadilisha. Anayekubali kila kitu naye kazaliwa hivyo. Tusilaumiane.

Mnaonaje?

#2 Siti ya Dirishani
Nimewahi. Ngoja waje wenye kujua.

#3 Mwinjilisti Kata
Hilo tulishafundishwa kwenye semina za ndoa kanisani, mkuu. Watu ni aina nne: sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Sangwini anakubali kila kitu halafu anasahau. Flegmatiki anakubali ili yaishe. Koleriki anakukatalia usoni. Melankoli anakataa baada ya kulifikiria wiki nzima, na akishakataa halali. Mwanzilishi wa elimu hii ni Hippocrates, baba wa tiba. Wewe ni koleriki mwenye umelankoli kidogo, na mkeo nahisi ni sangwini.

#4 Mama Shughuli
INTJ ndiyo nini tena? Mume wangu hana herufi hata moja na hajawahi kutoa mchango wa mtu.

#5 Bwana Mifugo
@Mwinjilisti Kata marekebisho kidogo. Hippocrates na wenzake walizungumzia majimaji ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Walikuwa wanatafuta chanzo cha magonjwa. Aliyeyafungamanisha na tabia za watu ni Galen, tabibu wa karne ya 2 baada ya Kristo, zaidi ya miaka 500 baadaye. Na hiyo nyongo nyeusi inayomfanya mtu awe melankoli, mimi nimepasua ng'ombe wengi, sijakutana nayo.

#6 Mwinjilisti Kata
Mkuu, sisi tunaangalia matunda, nyongo tunakuachia wewe na ng'ombe wako.

#7 Damu Nzito
Wote mnazunguka. Jibu liko kwenye kundi la damu. Mimi ni O, watu wa O wana msimamo, hawayumbishwi. A ni wapole, wanakubali kila kitu halafu wanaumia kimyakimya. Wajapani walishalifanyia kazi zamani, huko hadi wachumba wanaulizana.

#8 Maabara Usiku
Kuulizana wanaulizana kweli, lakini "kulifanyia kazi" ni maneno makubwa. Lilianzishwa na mwalimu mmoja, Takeji Furukawa, mwaka 1927, kwa kuwaangalia watu wachache aliowafahamu. Likafufuliwa miaka ya 70 na mwandishi Masahiko Nomi, ambaye hakuwa daktari. Watafiti wa huko huko Japani walipopima watu wengi hawakuona uhusiano wowote.

Halafu piga hesabu ya hapa nyumbani. Kundi O ndilo tunalokutana nalo zaidi benki ya damu, karibu nusu ya watu. Ingekuwa nusu ya Watanzania wana msimamo, kamati za harusi zingekufa zote.

#9 Damu Nzito
Wewe ni A, nimeshakusoma.

#10 Maabara Usiku
B.

#11 Saikolojia Tu
Niweke vitu viwili vitatu, maana mada ni nzuri na imeanza kuingia kwenye damu.

Kwanza hizo herufi nne. Kila herufi ni upande mmoja wa hulka, mfano I ya INTJ ni mtu wa kujitenga, kinyume chake E, mtu wa watu. Watu hudhani ni kipimo cha Carl Jung. Jung, daktari wa Uswisi, aliandika kuhusu aina za watu mwaka 1921, dodoso hakutunga. Lilitungwa na Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, kazi iliyoshika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hawakusomea saikolojia, Isabel alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi. Tatizo lake kubwa ni kwamba linamkata mtu pande mbili: ama uko huku ama kule. Watu wengi wako katikati, kwa hiyo ukilijaza tena baada ya mwezi, herufi moja au mbili zinaweza kugeuka. Mkuu Kuti Kavu, jaza tena siku umetoka kupokea mshahara, halafu utuletee majibu.

Pili, wataalamu wengi leo wanatumia vipimo vitano vinavyokwenda kwa kiwango, kama kimo: uwazi kwa mambo mapya, umakini, uchangamfu, ukubalifu, na wepesi wa kupata wasiwasi. Mada yetu iko kwenye ukubalifu, na hapo ndipo panapovutia. Ukubalifu una vipande ndani yake. Kipande kimoja ni moyo wa kusaidia. Kingine ni kulegeza mbele ya mvutano. Havitembei pamoja kila mara. Kuna mtu atakupa shati lake na ukimwambia aingie kamati anakwambia siingii. Na kuna asiyekupa hata maji, ila ukimkazia macho anasaini chochote.

Tatu, wengi wanaokubali kila ombi hawafanyi hivyo kwa wema. Wanaogopa. Hicho ni kipimo kingine kabisa, cha wasiwasi.

Kuhusu kuzaliwa: mapacha wa kufanana waliotenganishwa wakiwa wachanga wamefuatiliwa sana. Mradi maarufu ni wa Thomas Bouchard, Chuo Kikuu cha Minnesota, ulioanza 1979. Picha ya jumla ya tafiti hizo ni kwamba tofauti za hulka kati ya watu, karibu nusu inaelezwa na urithi. Kwa hiyo mleta mada ana nusu ya hoja. Nusu nyingine akaitafute.

#12 Kuti Kavu
@Saikolojia Tu shukrani. Nusu inanitosha.

#13 Konda wa Zamani
Nimepiga ukonda miaka mingi. Kila siku unasema hapana: huyu hana nauli, huyu anataka ashukie pasipo na kituo, yule ana noti ya elfu kumi saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyenipima herufi. Ukitaka kujua kama mtu anaweza kukataa, mpe hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni.

#14 Nesi wa Zamu
Konda umenigusa.

Mimi ndiye "hapana haipo kwenye kamusi yake" wa ukoo wetu. Nikienda Songea likizo, kila shangazi ana lake, na wote napokea. Nimewahi kurudi Dar na nauli ya kuazima. Sasa njoo wodini. Mimi ndiye napanga zamu. Mtu anakuja na hadithi ya mtoto kuumwa, kesho yake unamwona kwenye picha za send-off, kavaa sare. Zamu sibadilishi bila anayeingia badala yake kuja kuniambia mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Kule wananiita "chuma".

Sasa mniambie, mimi ni aina gani? Damu ni ile ile, nyota ni ile ile.

#15 Nyota Njema
Dada Nesi, nyota yako ipi? Maana mapacha ndivyo walivyo, sura mbili. Mleta mada bila shaka ni Nge. Nge haombwi mara mbili. Mashuke ndio wachaguzi wakubwa, sahani ikiwa na alama ya kidole hali. Samaki wanakubali hadi wanaibiwa. Enzi za Sheikh Yahya Hussein mambo haya tulikuwa tunayasikia redioni bila kubishana.

#16 Nesi wa Zamu
Ndoo.

#17 Nyota Njema
Ndoo nao wana siri zao.

#18 Kuti Kavu
Mimi Ng'ombe. Songa mbele.

#19 Binti Makumbusho
Nimesoma yote, naona wanaume mnavyojipamba. Ngoja niwaambie upande wa pili.

Nina miaka 39, sijaolewa, kwa sababu waliokuja sikuwataka. Mmoja alitaka niache kazi. Mwingine alishaahidi kwao kwamba nitahamia kijijini kumtunza mama yake, mimi nikiwa sijaulizwa. Nikasema hapana, kwa heshima, mbele ya wajomba. Kila Desemba nikifika Moshi naimbiwa "mchagua nazi hupata koroma". Kaka yangu wa 42 naye hajaoa. Yeye akikaa mezani wanasema "huyu hakurupuki, ana msimamo". Mimi naringa.

Kwa hiyo kabla hamjasema ni aina ya mtu, mseme kwanza ni aina ya mtu gani anaruhusiwa. Mtoto wa kike anafundishwa kukubali toka akiwa na miaka minne: mpe mgeni kiti, mpe kaka yako, msalimie mjomba hata kama humpendi. Akifika ishirini na tano mnampima na kusema "kumbe wanawake wana ukubalifu mkubwa". Mlitegemea nini?

#20 Saikolojia Tu
@Binti Makumbusho hoja nzito. Ni kweli vipimo vya nchi nyingi vinaonyesha wanawake juu kidogo kwenye ukubalifu, kwa wastani. Lakini sababu haijafungwa, wengine wanasema maumbile, wengine malezi kama ulivyosema. Kinachosumbua hoja ya malezi ni kwamba pengo hilo huonekana kubwa zaidi Ulaya na Marekani, kuliko kwenye nchi ambako majukumu ya mke na mume yamegawanywa kwa ukali. Tungetegemea kinyume chake.

#21 Binti Makumbusho
Labda kwenye nchi hizo nyingine wanawake walijaza dodoso mume akiwa amekaa pembeni. Nakuachia hiyo.

#22 Mpare Halisi
Moshi ndiyo shida, dada. Ungeenda Same kidogo tu hapo mbele.

#23 Binti Makumbusho
Mpare nimkatalie, akate rufaa hadi lini?

#24 Mpare Halisi
😂😂 Watani hamna dogo. Ila Mchagga hakatai kitu, anakuuliza kwanza kina faida gani.

#25 Babu Chumbageni
Vijana, huku Tanga hatukatai na wala hatukubali, na mambo yanakwenda. Ukimwalika mtu akakujibu "tutajaaliwa", wewe pika chakula pungufu ya mtu mmoja. Ukimwomba mtu pesa akakusimulia habari za mgonjwa wake, umeshajibiwa, shukuru uondoke. Anayetaka kuambiwa "hapana" waziwazi huyo hakulelewa. Nimefanya kazi na mabwana wa bara, wakiona watu wanatikisa kichwa kwenye kikao wanaandika "wamekubali". Kesho hakuna aliyetokea, wanasema watu wa pwani wavivu. Watu walikataa tangu jana, ila yeye hakusikia.

Ndio maana huyu kijana wa herufi nne namuona amekosa adabu, lakini hana tofauti na sisi. Ameacha tu kuzungusha.

#26 Msomaji wa Asubuhi
Babu nakuheshimu, ila watu wameigeuza "inshallah" kuwa hapana ya heshima, na hilo si sawa. Katika Surat al-Kahf, aya ya 23 na 24, tumeambiwa tusiseme nitalifanya kesho ila kwa kutaja "akipenda Mungu". Ni neno la mtu aliyekusudia kwenda.

Na kuhusu kukataa, Qur'ani imelisema jambo lenyewe. Surat al-Israa aya ya 28: ikiwa huna cha kumpa anayehitaji, mwambie maneno laini. Ya 29: mkono usiufunge shingoni wala usiukunjue wote, ukabaki umelaumiwa umefilisika. Kwa hiyo kukataa kupo. Ila kuna namna yake, na namna hufundishwa. Hakuna aliyezaliwa na maneno laini.

#27 Babu Chumbageni
Ndio maana nimesema tutajaaliwa.

#28 Mwinjilisti Kata
Na kwetu Mathayo 5:37: "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Mleta mada yuko kimaandiko.

#29 Mama Shughuli
Mwinjilisti usiishie hapo, shuka mistari mitano tu, 5:42: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Mbona huo mmeuruka? Na huo wa 37 ulikuwa unazungumzia viapo, kadi za mchango hazimo.

#30 Siti ya Dirishani
Mama Shughuli apewe maua yake.

#31 Pangu Pakavu
Mimi sijawahi kumkatalia mtu maishani, kwa sababu hakuna anayeniomba. Nyie mnaoitwa kauzu mnaitwa hivyo kwa kuwa mnazo. Kauzu asiye na kitu hayupo. Tupangie mada ya kwetu nasi tuchangie.

#32 Mdhamini Mstaafu
Pangu Pakavu umesema kwa utani lakini kuna ukweli.

Niwape yangu. Mwenzangu ofisini alikuwa anachukua mkopo kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo, anahitaji wadhamini. Hakuniita pembeni. Alikuja na fomu wakati wa chai, watu wamekaa, akaiweka mezani akasema "kaka yangu huyu hapa, kwake sina wasiwasi". Wote wakanigeukia. Nikasaini. Baadaye akaacha kazi na kuhama mji, simu haipatikani, na makato yakahamia kwenye mshahara wangu. Mke wangu aliuliza tunakatwa nini, sikuwa na jibu la kueleweka.

Tangu hapo sisaini cha mtu, awe mdogo wangu wa tumbo moja. Leo nikipewa dodoso la Kuti Kavu nitatoka INTJ wa dhahabu. Kabla ya ile fomu ningetoka kondoo. Sasa kuzaliwa kuko wapi hapo?

#33 Saikolojia Tu
@Mdhamini Mstaafu pole sana. Kisa chako kinafanana na matokeo ya Francis Flynn na Vanessa Lake, Marekani, 2008. Waliwapa watu kazi ya kuwaomba wapita njia wawajazie dodoso, hadi wapate watano. Kabla ya kwenda walikisia watalazimika kuwaomba kama watu 20. Ukweli walihitaji kama 10 tu. Waombaji hawajui jinsi ilivyo vigumu kwa mtu kukataa akiombwa uso kwa uso. Yule wa fomu yawezekana hakukutega. Yeye aliona ameuliza tu.

#34 Mdhamini Mstaafu
Alinitega. Namjua.

#35 Konda wa Zamani
Na alijua saa ya chai.

#36 Wa Ughaibuni
Niko Ujerumani mwaka wa kumi sasa. Ukimwomba Mjerumani akusaidie kuhamisha vitu Jumamosi, anakujibu "hapana, Jumamosi nalala". Hajaudhika, hujaudhika, Jumatatu mnakunywa kahawa. Mwanzoni nilidhani wote ni INTJ, nchi nzima. Baadaye nikaona wanaweza hivyo kwa sababu Jumamosi kuna kampuni ya kuhamisha vitu, ukiumwa kuna bima, ukizeeka kuna pensheni. Hakuna anayemtegemea jirani amzike.

Mimi mwenyewe nimejifunza kuwakatalia Wajerumani. Kuwakatalia wa nyumbani bado. Simu ya mama ikiita usiku, pochi inafunguka yenyewe.

#37 Sosholojia ya Mlimani
Wa Ughaibuni umenifungulia mlango. Pale Mlimani miaka ya 70 alifundisha Msweden mmoja, Göran Hyden. Alitazama wakulima wa Tanzania na mwaka 1980 akaandika kwamba chini ya serikali na soko kuna uchumi mwingine, wa kusaidiana kwa undugu, ukoo, jirani na dini. Watu wanapeana, na kila anayepewa anabaki na deni lisiloandikwa. Wengi walimpinga, wakasema amewafanya wakulima waonekane kama hawaguswi na soko. Lakini kwa mada hii ananisaidia. Kwenye uchumi wa namna hiyo, "hapana" ni kujitoa kwenye bima. Ukikataa mchango wa leo, msiba wako utakuwa na watu wangapi?

Kwa hiyo, mkuu Kuti Kavu, kabla ya herufi zako nne naomba kujua: una mshahara? Una kadi ya bima ya afya? Nyumba ni yako? Kama majibu ni ndiyo, hulka yako imelipiwa na mwajiri. Mkulima wa Namtumbo mwenye ubongo kama wako hasa asingethubutu kurudisha kadi.

#38 Kuti Kavu
@Sosholojia ya Mlimani swali zuri, ila umeandika kana kwamba nimekataa msiba. Sijawahi kukataa msiba. Msiba natoa, naenda, nalala matangani, na jeneza nabeba. Anayeumwa natoa. Ada ya mtoto wa marehemu kaka nalipa mpaka leo na sijaisema popote. Ninachokataa ni sherehe za watu nisiowajua, vikao visivyo na ajenda, na mkopo wa mtu anayekwenda kununua simu.

#39 Nesi wa Zamu
Sasa wewe si kauzu. Umebadilisha mada katikati.

#40 Kuti Kavu
Sijabadilisha, kichwa cha uzi kinasema kukataa, ndani nikasema kuchagua na kukataa. Anayekataa kila kitu hachagui. Mimi nachagua.

#41 Mama Shughuli
Mke wake angekuwa humu tungejua ukweli.

#42 Wa Huku Nairobi
Majirani niaje. Huku mambo yamekuwa mabaya zaidi kwa sababu hamuulizwi kabisa. Unaamka asubuhi umeingizwa kwenye grupu la WhatsApp, "Harambee ya Shemeji ya Nani", watu mia mbili, na kila saa orodha inaletwa na majina na kiasi. Kukataa kwa zamani ilikuwa kati yako na aliyekuomba. Siku hizi ukitoka kwenye grupu, wasimamizi wake wanaarifiwa kwamba umetoka. Mimi hubaki ndani, nazima sauti, sichangi na sitoki. Hiyo ni aina gani ya mtu?

#43 Babu Chumbageni
Huyo ni mtu wa Tanga.

#44 Mtoto wa Kwanza
Mbona hakuna aliyegusa nafasi ya kuzaliwa? Wazaliwa wa kwanza hatuwezi kukataa, tumezoea kubebeshwa. Vitinda mimba wanachagua kama wako dukani. Nina wadogo watano, nawajua.

#45 Saikolojia Tu
Hili watu wengi wanaliamini na hata wataalamu waliliamini muda mrefu. Mwaka 2015 Rodica Damian na Brent Roberts walichambua wanafunzi wa sekondari wa Marekani wapatao 377,000. Tofauti za hulka kati ya mzaliwa wa kwanza na waliofuata zilikuwa ndogo mno, mtu huwezi kuziona kwa macho. Nyumbani tunaona tofauti kwa sababu tunamlinganisha kaka wa miaka 30 na mdogo wa miaka 18. Huo ni umri.

#46 Mtoto wa Kwanza
Marekani, mkuu. Kifungua mimba wa Marekani anasomesha wadogo zake? Anauliziwa mahari za dada zake? Nafasi yenyewe si moja. Kapime Sumbawanga uje tena.

#47 Sosholojia ya Mlimani
Mtoto wa Kwanza yuko sahihi kuuliza. Hata hivyo vipimo vitano vyenyewe vilipopelekwa kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa msituni Bolivia, havikujitokeza vizuri. Walipima watu zaidi ya 600, matokeo yakatoka 2013. Majibu yalijipanga kwa namna nyingine: kuwa mwema na watu, na kuwa mchapakazi, basi. Yawezekana "aina" tunazozijadili hapa zinaonekana vizuri mahali ambapo mtu anachagua kazi, mchumba na majirani. Usipokuwa na cha kuchagua, uchaguzi wako utaonekanaje?

#48 Saikolojia Tu
Utafiti huo naufahamu na ni mzuri. Lakini kutojitokeza kwenye dodoso lililotafsiriwa na kusomwa kwa mdomo kwa watu wasio na mazoea ya dodoso hakuthibitishi kwamba hulka haipo. Hata kwenye kijiji chenye njaa kuna mtu mmoja ambaye wote wanajua usimwombe. Uliza bibi yako atakutajia jina.

#49 Konda wa Zamani
Bibi yangu alikuwa ndiye huyo.

#50 Mzee wa Kustaafu
Nimewasoma kimya. Nina miaka 67. Nilipokuwa kazini sikukataa, kila kamati niko, mwenyekiti au mweka hazina. Niliona fahari. Nilipostaafu simu zikapungua zenyewe, na zile zilizobaki nazikataa bila shida, mara nyingine hata kabla mtu hajamaliza. Wajukuu wanasema babu kawa mkali. Mimi sijisikii mkali, najisikia mwenye nafasi. Saikolojia Tu atanieleza kama vitabu vyake vinalo hilo.

#51 Saikolojia Tu
Shikamoo mzee. Vitabu vinasema kinyume: kwa wastani ukubalifu hupanda umri unavyosogea. Watu wazima huwa wapole na kusamehe zaidi kuliko vijana. Lakini kumbuka vipande nilivyosema #11. Unaweza ukawa umeongeza upole na umepunguza hofu ya watu watasemaje. Vikija pamoja vinatoa mzee mwema asiyeingia kamati.

#52 Mzee wa Kustaafu
Marahaba. Mwema weka alama ya kuuliza, bibi yenu amesoma akacheka.

#53 Mdhamini Mstaafu
Samahani nitoke nje ya mada. Kuna mtu humu anayejua sheria? Mdhamini anaweza kujitoa baada ya kusaini? Maana kuna dogo ofisini amesaini jana tu, ananifuata analia.

#54 Nyota Njema
Huyo dogo ni Samaki.

#55 Wakili wa Kata
Kama mkopo umeshatolewa, kujitoa ni vigumu. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini anabanwa sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Kama fedha bado hazijatoka, awahi leo hii, aandike barua kwa chama, nakala ibaki na muhuri wa kupokelewa. Asiende kwa mdomo. Kama ni dhamana ya mikopo inayoendelea kutolewa kwa awamu, anaweza kutoa taarifa ya kusitisha kwa mikopo ijayo, ile iliyokwisha kutoka inabaki shingoni kwake. Na wewe mwenyewe, makato yote uliyolipa una haki ya kumdai yule mwenzako, tunza hati zako za mshahara.

#56 Mdhamini Mstaafu
Asante sana mkuu. Namwambia sasa hivi. Anasema anaona aibu kupeleka barua, aliyemwomba ni bosi wake.

#57 Wakili wa Kata
Chama hakina haja ya kujua aibu yake. Fungua uzi jukwaa la sheria uniite, huku wanapima damu.

#58 Damu Nzito
Muulizeni huyo dogo ni kundi gani.